Petroli ya Asubuhi za Baridi

Mwikali, mwaitu,

Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na leo nalitumia kwa makusudi. Yeye ndiye mtu pekee ambaye sikuweza kumficha kitu.

Ni saa kumi alasiri. Ukungu umeanza kushuka tena na mama yako ameingiza jiko la makaa ndani ya nyumba. Nawasikia mkibishana juu ya blanketi. Yeye anataka ubebe mawili, wewe unamwambia Makindu ni joto. Hayo ya blanketi, chandarua, dawa ya malaria na nyumba ya kupanga namwachia yeye. Ameshayasema mara nne, na kila mara ameyasema vizuri kuliko ningeyasema mimi.

Mimi nina jambo moja tu. Kesho unakwenda kuanza kazi katika kambi ya watengeneza barabara. Umetuambia utapewa meza, na juu ya meza hiyo madaftari ya magari: gari gani limekwenda wapi, limetembea kiasi gani, limekunywa mafuta kiasi gani. Umefurahi, nami nimefurahi. Lakini tangu barua ya kazi ifike sijatulia, kwa sababu mimi niliwahi kushika daftari kama hilo kwa wiki mbili, na kuna mtu ambaye mpaka leo anakaa benchi la nyuma kanisani kwa ajili ya wiki hizo mbili.

Unamjua. Ni Mutisya, baba yake Ndunge uliyesoma naye shule ya msingi. Ulipokuwa na miaka minane uliniuliza, tukitoka kanisani siku ya Meza ya Bwana, kwa nini kikombe hakifiki kwa yule mzee wa nyuma ilhali mke wake aliyekaa mbele na wanawake kinamfikia. Nilikujibu neno moja. Nilisema, "Alikosa." Ukaendelea kutembea. Nimeandika maneno mengi maishani mwangu, mengine yamechapishwa ukurasa wa kwanza, lakini ninalolikumbuka zaidi ni hilo moja, kwa sababu mimi ndiye niliyemkosesha.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea.

Ulikuwa na miaka mitano. Zahanati ya kanisa ilikuwa na gari moja, Land Rover kuukuu ya petroli, na Mutisya ndiye aliyekuwa dereva wake. Petroli ililetwa kwa pipa kutoka chini na kuwekwa kwenye stoo, kwa sababu hapa mlimani hapakuwa na kituo. Asubuhi, kabla ukungu haujainuka, Mutisya alimchukua muuguzi nyumbani kwake akamfikisha zahanati, akazima gari. Baadaye alipanda kilima cha pili kumleta mama mja mzito, akazima. Akienda tena kwa mgonjwa mwingine, akirudi, anazima. Hakuna safari iliyofika maili mbili. Nayaandika haya sasa kama mtu aliyeyaona. Wakati ule sikuwa nimeyaona.

Mimi nilikuwa nikiliandikia gazeti habari za Ukambani kote. Wakati wa kiangazi cha mwaka huo, Februari, ng'ombe walikuwa wakifa Mutomo na gazeti lilitaka habari hiyo haraka. Mabasi ya kwenda huko yalikuwa haba, nikawaomba wazee wa kanisa waniazime gari la zahanati kwa siku tatu, nijaze petroli yangu mwenyewe. Walikubali. Nilipopita Kitui gari lilichemka, maji yakaruka kutoka kwenye rejeta kama chemchemi. Fundi wa pale kando ya barabara alifungua sehemu moja mbele ya injini, akatoa kidude cha shaba chenye ukubwa wa kifuniko cha soda, akanionyesha kwenye kiganja. Aliniambia kinaitwa themostati, kwamba wazungu walikiweka kwa ajili ya nchi zao za baridi, na kwamba huku kwetu kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke mpaka injini iungue. Alikitupa ndani ya boksi la spana zake. Gari halikuchemka tena mpaka Mutomo, wala wakati wa kurudi.

Nililirudisha gari, nikamkabidhi Mutisya ufunguo. Aliniuliza kama lilinisumbua. Nikamwambia halikunisumbua. Nilitaka kuwahi posta kabla haijafungwa, nipige simu ya habari zangu.

Hapo ndipo mahali pa kwanza nilipokosea. Ningesema maneno matatu tu, kwamba fundi ametoa kitu, na barua hii isingekuwapo.

Julai ikaja na baridi yake. Wazee wakaona pipa la petroli ambalo zamani lilimaliza mwezi na siku kadhaa sasa linakwisha kabla ya wiki tatu. Safari zilikuwa zile zile. Wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wa wazee wa kanisa huenda taratibu lakini haurudi nyuma. Mwisho Mzee Kilonzo, mwenyekiti wao, alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa. Alisema wanahitaji mtu wa kuchunguza bila hasira na bila upendeleo. "Wewe ndiye unayejua kuuliza watu," aliniambia. Nilisikia fahari. Nakuandikia ujue kwamba nilisikia fahari.

Nikafanya uchunguzi. Nilinakili daftari la gari la wiki mbili na kuona kwamba gari lilikuwa linakwenda chini ya maili kumi kwa galoni. Siku hizo tulikuwa bado kwenye galoni na maili. Kisha nikalichukua gari mwenyewe, tangi limejaa hadi mdomoni, nikateremka mpaka Makindu na kurudi, nikajaza tena kwa kipimo kile kile. Maili kumi na nane kwa galoni. Nilirudia safari hiyo mara ya pili ili nisije nikamwonea mtu. Jibu lilikuwa lile lile. Mwikali, namba zangu zilikuwa sahihi. Hata leo ukizipima utazikuta sahihi.

Nikaenda kumuuliza Mutisya. Alikuwa anafuta kioo cha mbele kwa gazeti, nadhani lilikuwa gazeti langu. Nilimwonyesha namba. Aliziangalia kwa muda, akasema, "Ni baridi, Baba Mwikali. Asubuhi siwezi kuliwasha bila kuvuta choki, na nikirudisha choki linazima. Linakunywa kabla halijatembea."

Nilimuuliza mbona mwaka uliotangulia pia kulikuwa na baridi na pipa lilimaliza mwezi. Hilo lilikuwa swali zuri, swali la mwandishi wa habari. Alisema hajui. Alisema labda gari limezeeka. Kisha akasema neno ambalo nililiandika kwenye kijitabu changu na bado liko humo: "Panda na mimi wiki moja. Asubuhi, saa kumi na mbili. Utaona mwenyewe."

Sikupanda. Miaka mingi nilijiambia sikupanda kwa sababu nilikuwa na namba tayari. Ukweli ni mdogo kuliko huo. Sikupanda kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na baridi, na mama yako alikuwa amenipikia uji.

Nikaandika ripoti ya kurasa mbili. Haikuwa na neno la matusi wala neno "mwizi". Nilisema tu kwamba gari lina uwezo wa maili kumi na nane, kwamba dereva anaonyesha pungufu ya kumi, na kwamba hajaweza kueleza tofauti. Ilisomwa mbele ya wazee. Mtu akisomewa ripoti kama hiyo, neno lililoachwa nje hulijaza mwenyewe.

Mutisya aliachishwa kazi wiki hiyo. Jumapili iliyofuata aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Unaijua desturi yetu. Asiimbe kwaya, asiombe kwa sauti, asifike Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka siku atakaposimama mbele ya watu na kusema amekosa. Akisema, anarudishwa siku hiyo hiyo, watu wanampa mkono, mambo yamekwisha. Nimewaona waliozaa nje ya ndoa, waliolewa pombe, waliopigana kisimani, wote wakirudi baada ya miezi michache. Ni desturi ya huruma kwa mtu aliyekosa. Haina mlango kwa mtu ambaye hakukosa.

Mzee Kilonzo alimsihi. Alimwambia aseme tu, hakuna atakayemdai hata tone. Mutisya alisimama pale nyuma na kusema kwa sauti ya kawaida, "Mnataka nidanganye kanisani ili nirudi mezani." Akakaa. Hiyo ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, na bado amekaa.

Ungetegemea kwamba gari lenyewe lingetoa ushahidi. Lilitoa, lakini upande mbaya. Mutisya aliondoka mwishoni mwa Agosti, dereva wa muda akaingia, na mwezi ule ule jua likarudi. Mnamo Oktoba pipa lilimaliza mwezi mzima. Wazee walitazamana. Mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyetamani akutwe amekosea. Kabla ya Julai nyingine zahanati ililiuza gari kwa mfanyabiashara wa Migwani, na huko nadhani lilikwenda vizuri hadi likafa.

Hakuna aliyempa Mutisya gari lingine kuendesha. Alirudi kwenye shamba lake la mteremkoni, anasokota kamba za mkonge na kufuga mbuzi. Kila Jumapili anakuja. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, kwamba anakuja. Angehamia kanisa lingine, yako mengi, ningemsahau.

Sasa nakuja kwangu. Miaka mitatu iliyopita, wewe ukiwa shule ya bweni, nilinunua ile pikapu yangu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Julai hiyo mama yako aliungua mguu kwa maji ya moto, nikawa nampeleka zahanati kila asubuhi kubadilishwa bendeji. Ni karibu mno, unapajua, lakini hakuweza kutembea. Nilikuwa naandika petroli kwenye daftari kama ninavyoandika kila kitu. Baada ya siku kumi niliona petroli inakwisha kama ndoo iliyotoboka. Unajua nilifanya nini? Niliwaza jirani zetu mmoja mmoja. Kisha nikanunua kofia ya tangi yenye kufuli. Mama yako alicheka mpaka akasahau mguu. Alisema, "Sasa mwizi akija itabidi akuamshe akuombe ufunguo."

Kufuli halikubadilisha kitu. Nikateremka hadi Wote kwa fundi mmoja, kijana mtaratibu, nikamweleza. Aliwasha injini, akaiacha ingurume, akawa anagusa bomba la juu la rejeta kwa kiganja mara kwa mara kama daktari. Kisha akaniuliza gari linakaa wapi. Nikamwambia Mbooni. Akauliza linakwenda safari ndefu au fupi. Nikamwambia fupi, asubuhi. Akafungua ile sehemu ya mbele, akaniita nichungulie. Mahali pa themostati palikuwa na shimo tupu; aliyeniuzia alikuwa ameitoa.

Alinieleza polepole. Hicho kidude huyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Kikitolewa, maji baridi yanazunguka tangu dakika ya kwanza. Barabara ya joto, safari ndefu, hutaona tofauti kubwa. Mlimani, kwenye ukungu, safari ya dakika tano, injini haipati moto kamwe. Choki, ile waya ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, inabaki imevutwa, petroli inaingia nyingi, nusu yake inatoka kwa ekzosi bila kufanya kazi. Unafika, unazima, inapoa, unaanza upya. "Hakuna mtu anayekuibia, mzee," alisema. "Unaiwasha tu ikiwa baridi na kuizima kabla haijapata moto."

Nilikaa kwenye tairi lililolala pale nje. Nilikuwa naona kiganja cha yule fundi wa Kitui na kile kidude cha shaba juu yake. Mutisya hakuwa na jibu la swali langu zuri kwa sababu jibu nilikuwa nalo mimi. Kati ya mwaka ule na mwaka uliotangulia kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika kwenye gari lile, na ni mimi niliyekibadilisha, nikasahau, kisha nikaja na kalamu kuchunguza.

Ungedhani nilikwenda kwake siku hiyo. Nimekaa miaka mitatu. Nilijiambia Mzee Kilonzo ni mgonjwa, habari hiyo itamuumiza. Mzee Kilonzo akafa. Nilijiambia mtu amezoea, kumfukulia mambo ni kumtesa. Nilijiambia nangoja mchungaji mpya. Kazi yangu imekuwa kuwauliza maofisa kwa nini walijua jambo na hawakusema, na majibu yao nimeyaandika nikiyadharau. Yalikuwa haya haya. Zaidi ya hayo nilikuwa nimechoka, na kuchoka ni kisingizio kizuri, hakuna anayekupinga.

Kisha barua yako ya kazi ikaja. Uliisoma kwa sauti hapa mezani, ukafika kwenye "kutunza kumbukumbu za mafuta na kuripoti matumizi yasiyo ya kawaida," ukaniangalia na kusema, "Baba, hii ni kazi yako kabisa." Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mutisya.

Nilimkuta uani, kaketi juu ya kigoda, anasokota. Ndunge alinipa kiti na chai akaondoka. Nilimweleza yote, tangu Mutomo hadi Wote. Sikupamba. Aliendelea kusokota kamba pajani nilipokuwa nasema, hakuinua kichwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja, kama kile kidude nilikiona kwa macho yangu kikitolewa. Nikasema nilikiona.

"Kwa hivyo haikuwa baridi peke yake," alisema. "Miaka yote hii nimeilaumu baridi."

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Hapo ndipo alipoacha kusokota.

"Usiniombe hapa, Baba Mwikali. Hapa kwangu hakuna anayeniita mwizi. Hawa mbuzi hawajasoma ripoti yako." Akanyoosha kidole upande wa kanisa. "Ilisomwa kule. Kaiseme kule."

Nikamwambia nitaisema Jumapili hii. Hakunishukuru, na sikutegemea. Nilipokuwa naondoka aliniambia nisisahau kueleza choki, maana watu wengi hawajui choki ni nini na watafikiri tumepatana kisirisiri.

Ndiyo maana nakuandikia leo. Unaondoka kesho Ijumaa, na Jumapili nitasimama. Wiki ijayo mtu wa huku atapita Makindu na kukuambia baba yako alisema nini kanisani, na atakuongezea chumvi. Nilitaka uyapate kwanza kutoka kwangu, yakiwa yamepimwa.

Sikukatazi kuamini namba. Mimi bado naziamini. Lakini utakapoona lori linakunywa kuliko wenzake, kabla hujaandika neno, toka kwenye meza yako ukapande gari na dereva. Panda saa ile anayoondoka yeye, siyo saa inayokufaa wewe. Na ukiuliza ni nini kimebadilika, waulize wote waliolishika gari, hata mkubwa wako, hata wewe mwenyewe. Dereva akikuambia hajui, huenda kweli hajui. Mimi nilidhani kutojua ni namna ya kukiri.

Ukipata makosa, na utayapata, yaseme yakiwa bado madogo. Langu lilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha soda.

Nimezungumza na mchungaji. Ameniambia kwa upole kwamba aliyesababisha mwenzake kutengwa bure naye hukaa nyuma kwa muda, ndiyo desturi, hata kama ni mtu wa kuheshimiwa na amekuja mwenyewe. Nilimwambia naijua desturi. Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Akasema ataniwekea sweta, maana kule nyuma karibu na mlango kunapita upepo.

Nilipokutana na Mutisya jana sokoni nilimwambia kwamba, kwa jinsi mambo yalivyo, yeye atarudi mbele na mimi nitakwenda kukaa mahali pake. Akasema amezoea pale, anaweza akakaa Jumapili moja au mbili zaidi asione haraka.

"Benchi ni refu," alisema.

Kesho nitakufikisha stendi ya basi. Ni mwendo wa dakika saba na kutakuwa na ukungu. Fundi wa Wote aliniwekea themostati, lakini kwa mwendo kama huo hata hiyo haisaidii sana. Nitavuta choki, gari litakunywa linavyotaka, na nikirudi nitaandika kwenye daftari kiasi kile kile lilichokunywa.

Baba yako